Uendeshaji wa kituo cha utafiti juu ya ulemavu wa akili: mfano wa Kituo cha Waisman

0. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi neno «kituo» hutajwa kwa wepesi. Kibao hupachikwa mlangoni, mhuri huchongwa, mkurugenzi huteuliwa, na baada ya miaka michache hubaki kibao na mhuri. Makala haya yanachungua kituo cha aina nyingine, ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka 50 katika jambo lililo gumu kuliko mengi: kutafiti ulemavu wa akili na ulemavu wa ukuaji kwa watoto na watu wazima. Kituo hicho ni cha Waisman, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, nchini Marekani. Kimechaguliwa kwa sababu historia yake ina mafanikio na aibu pia, na yote mawili yanafundisha namna taasisi ya elimu inavyoendeshwa.

Yafaa kufafanua istilahi mbili mapema. Ulemavu wa akili ni hali ya uwezo mdogo wa kufikiri na kujifunza, pamoja na ugumu wa kuyamudu mambo ya kila siku, inayoanza utotoni. Ulemavu wa ukuaji una uwanja mpana zaidi: humo huingia usonji, sindromu ya Down, kupooza kwa asili ya ubongo na hali nyinginezo zinazoonekana kabla ya utu uzima, hata kama akili ya mhusika haina kasoro yoyote. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo huanzia kwenye majina, kama itakavyoonekana.

1. Asili ya vituo

Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling wa Norwe alipima mkojo wa watoto wawili wa mama mmoja aliyekataa kuamini kwamba hali ya wanawe haina chanzo. Aligundua ugonjwa ambao leo huitwa fenilketonuria. Mwili wa mgonjwa hukosa kimeng'enya cha kuivunja fenilalanini, kitu kinachopatikana katika vyakula vyenye protini kama maziwa, nyama na maharagwe. Kitu hicho hulimbikana katika damu na kuharibu ubongo unaokua. Nchini Marekani hupatikana mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu katika kila watoto 10,000 hadi 15,000 wanaozaliwa. Katika miaka ya 1950 Horst Bickel na wenzake, huko Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba chakula kilichopunguzwa fenilalanini humsaidia mgonjwa. Mapema katika miaka ya 1960 Robert Guthrie, mtafiti wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, alibuni kipimo kinachohitaji matone machache tu ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi.

Ugunduzi huo ulileta mageuzi ya fikra. Hadi hapo ulemavu wa akili ulionekana kuwa ajali, aibu ya ukoo au adhabu. Sasa ilithibitika kwamba aina moja, ijapokuwa ni adimu, ina chanzo kinachopimika na inazuilika iwapo mtoto atatambuliwa katika siku zake za kwanza. Mtu angeweza kuuliza: ni aina ngapi nyingine zinazosubiri mtafiti?

Harry Waisman, daktari wa watoto na mwanakemia wa Madison, alikuwa miongoni mwa waliouliza. Pamoja na Harry Harlow, mtaalamu wa saikolojia wa chuo hicho hicho, aliwalisha kima wachanga fenilalanini kwa wingi na kuonyesha jinsi uwezo wao wa kujifunza ulivyodhoofika. Mwaka 1962 maabara yake ilikuwa mojawapo ya maabara mbili, moja Wisconsin na nyingine Ireland ya Kaskazini, zilizotambua kila moja kwa njia yake ugonjwa mwingine wa aina hiyo, homosistinuria.

Lakini maabara ya mtu mmoja si kituo, na fedha za kujenga kituo zilitoka kwenye siasa. Rais John F. Kennedy alikuwa na dada, Rosemary, aliyekuwa na ulemavu wa akili, ambaye mwaka 1941 alipasuliwa ubongo kwa agizo la baba yao na akabaki katika hali mbaya zaidi. Familia ilinyamaza kwa miaka mingi. Dada mwingine, Eunice Kennedy Shriver, aliuvunja ukimya huo mwaka 1962 kwa makala katika gazeti lililosomwa na watu wengi, na mwaka huo huo Bunge likaunda taasisi ya kitaifa ya afya ya mtoto na ukuaji wa binadamu, ambayo leo ina jina lake. Tarehe 31 Oktoba 1963, siku 22 kabla ya kuuawa, Rais alitia sahihi sheria iliyotenga dola milioni 26 za kujenga vituo vya utafiti juu ya kile kilichoitwa wakati huo «upungufu wa akili». Vilijengwa 12. Waisman alifariki mwaka 1971, kabla ya jengo kukamilika. Lilifunguliwa mwaka 1973 likapewa jina lake.

2. Fedha, vyombo na mamlaka

Jambo ambalo mgeni hulielewa kwa shida ni kwamba fedha kuu za kituo cha namna hii hazikusudiwi hasa kulipia utafiti. Kila profesa huomba ruzuku yake mwenyewe, kwa mradi wake mwenyewe, na hushindana na maprofesa wa nchi nzima. Ruzuku ya kituo, inayotolewa kwa miaka 5, hulipia kile ambacho hakuna profesa anayeweza kukimudu peke yake: mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku na mafundi wake, wataalamu wa takwimu, maabara za jeni na za kukuza seli, makazi ya panya wa utafiti, na orodha ya familia zilizokubali kuulizwa kama zingependa kushiriki katika tafiti. Hizo huitwa huduma za pamoja. Tangu mwanzo wa muongo wa 2010 kila kituo hutakiwa pia kuwa na angalau mradi mmoja wa utafiti ndani ya ruzuku yenyewe, lakini uti wa mgongo umebaki huduma za pamoja.

Mpango huu unaonekana mkavu, nao ndio siri ya uhai wa vituo hivi. Mashine moja ya sumaku ikiwa mali ya idara moja, hugeuka kuwa ya mkuu wa idara. Ikiwa mali ya kituo, mtaalamu wa lugha ya watoto, mwanasaikolojia na daktari wa mishipa ya fahamu hulazimika kukaa meza moja kugawana saa. Saa za alasiri, watoto wanapotoka shule, ndizo zinazogombewa zaidi. Tena mtoto mwenye usonji halazwi ghafla ndani ya mtambo unaonguruma: kwanza huzoezwa katika mashine bandia isiyo na sumaku, akisikilizishwa kelele zake kidogo kidogo mpaka asiogope. Mazoezi hayo hula saa za mafundi, na lazima yawe na fungu lake katika bajeti. Asiyejua watoto angelifuta fungu hilo kwanza.

Mkurugenzi ana mamlaka ya ajabu. Maprofesa wanaofanya kazi katika kituo si watumishi wake. Wameajiriwa na idara zao, ambazo ndizo zinazowapandisha vyeo. Hawezi kuwaamuru. Anachoweza ni kutoa au kunyima nafasi, vyombo na fedha ndogo za majaribio kwa watafiti vijana. Kwa hiyo kazi yake inafanana na ya mzee wa baraza kuliko ya mkubwa wa ofisi. Desturi nyingine nzuri ni kwamba mkurugenzi huendelea kuwa mtafiti mwenye mradi wake, naye huingia katika foleni ile ile anayoisimamia.

Kila miaka 5 ombi jipya huandikwa, kurasa mamia, na wataalamu wa nje hulipima. Hakuna urithi. Si vituo vyote 12 vya mwanzo vilivyodumu katika orodha. Vingine vilipoteza ruzuku, na vyuo vingine vikachukua mahali pao.

Hata hivyo upimaji wa wataalamu wa nje hauoni kila kitu. Katika miaka ya 1970 kituo cha Madison kiliongozwa na mwanasaikolojia aliyesifika kwa mradi uliofanyika Milwaukee. Watoto wa akina mama maskini wenye alama za chini za akili walilelewa mchana katika shule maalumu tangu uchanga, na habari zikaenea kwamba alama zao zimewapita wenzao kwa zaidi ya 20. Magazeti yaliuita muujiza na vitabu vya chuo vikaurudia, ingawa taarifa kamili ilikuwa haijachapishwa popote palipoweza kukaguliwa na wanasayansi wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkurugenzi huyo alihukumiwa kifungo kwa kutumia vibaya fedha za serikali. Taarifa kamili ya mradi ilitoka mwaka 1988, ikiandikwa na mwenzake. Tofauti ya alama ilikuwapo kweli, ila ilikuwa imepungua kadiri watoto walivyokua, na shuleni hawakusoma vizuri kama ilivyotarajiwa. Kosa la fedha na kosa la kuchelewesha taarifa ni mambo mawili tofauti, lakini yalikua katika udongo mmoja: mtu mmoja alishika fedha, takwimu na sifa, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwomba afungue daftari.

Kituo kiliponea chupuchupu. Kilichokiokoa ni kwamba katika jengo lile lile watu wengine walikuwa wakiendelea na kazi ambazo hazikutegemea jina la mkuu.

3. Kliniki, shule na ridhaa

Waliobuni vituo vya 1963 walitaka mtafiti amwone mtoto, asiishie kuona damu yake ndani ya chupa. Kwa hiyo katika jengo la Waisman kuna kliniki zinazohudumia familia, na kuna shule ya watoto wadogo ambamo wenye ulemavu na wasio nao hucheza na kujifunza pamoja. Mwanakemia akitoka kwenye maabara yake hukutana na mama aliyembeba mtoto mlangoni. Mpango huo huleta adha nyingi: fedha za tiba na za utafiti haziruhusiwi kuchanganywa, na mzazi anaweza kudhani kwamba akikataa utafiti atanyimwa huduma.

Hofu hiyo ya mzazi ina historia. Huko Willowbrook, taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la New York, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1970 watafiti waliwaambukiza watoto homa ya ini kwa makusudi ili kuuchunguza ugonjwa. Wazazi walitia sahihi. Lakini kwa baadhi yao, nafasi katika taasisi iliyojaa ilipatikana upesi zaidi kupitia mlango wa utafiti. Katika shule ya Fernald, jimbo la Massachusetts, miaka ya 1940 na 1950, wavulana walilishwa uji uliotiwa chembechembe zenye mnunurisho bila wazazi kuelezwa ukweli. Mambo ya Fernald yalijulikana kwa umma katika miaka ya 1990 tu.

Sheria ya mwaka 1974 na ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ziliweka misingi inayofuatwa leo. Hakuna utafiti unaoanza kabla ya kamati ya maadili kuukubali. Mzazi hutoa ridhaa, lakini ridhaa ya mzazi haitoshi: mtoto mwenyewe, au mtu mzima mwenye ulemavu, huelezwa kwa maneno anayoyafahamu, na akikataa huheshimiwa. Hapo ndipo uendeshaji unapokuwa mgumu. Asiyesema hukataaje? Mtafiti hufundishwa kusoma mkono unaosukuma na uso unaogeuzwa, na hufundishwa pia kwamba siku hiyo kazi imekwisha, hata kama saa ya mashine imeshalipiwa.

Kuna sababu nyingine ya kutowaachia madaktari wa watoto peke yao vituo hivi. Wasichana waliookolewa na chakula maalumu katika miaka ya 1960 walikua. Wengi waliachishwa chakula hicho katika utoto, kwa kuwa ilidhaniwa ubongo ukishakomaa hatari imepita. Wakachukua mimba. Fenilalanini ya damu yao ikawaharibu watoto tumboni, hata wale ambao hawakurithi ugonjwa. Bila kuwafuata waliopona hadi utu uzima, ushindi mkubwa kabisa wa fani hii ungezaa kizazi kipya cha walemavu. Tangu hapo utafiti wa maisha yote umepata heshima. Huko Madison, Marsha Mailick, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kituo, alianza mwaka 1998 pamoja na wenzake kuzifuata familia zaidi ya 400 za vijana na watu wazima wenye usonji. Mojawapo ya matokeo ni kwamba maendeleo ya vijana hao hupungua kasi wanapomaliza shule, kwa kuwa huduma hukatika siku ile ile cheti kinapotolewa, na mama hubaki mlezi hadi uzeeni.

4. Swala la majina na la vipimo

Vituo hivi vimebadili majina yao. Maneno matatu ambayo madaktari wa Marekani waliyatumia mwanzoni mwa karne ya 20 kama ngazi za kipimo, kufuatia kazi ya Binet na Simon ya mwaka 1905 mjini Paris, yote yamekuwa matusi. Jina lililochukua nafasi yao likawa tusi pia, na tarehe 5 Oktoba 2010 sheria iitwayo kwa jina la mtoto Rosa ililiondoa katika sheria nyingi za serikali ya taifa hilo.

Kiswahili kina historia yake katika jambo hili. Majina ya zamani ya ulemavu yanaelekea ngeli ya KI-/VI-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Mtu huwekwa pamoja na vitu, ijapokuwa upatanisho wa kitenzi humrudisha miongoni mwa watu: kipofu amekuja. Neno «mlemavu» lilimhamishia katika ngeli ya watu waziwazi, na «mtu mwenye ulemavu» likatanguliza utu. Kwa upande wa akili msamiati ni mkali zaidi: punguani, zuzu, taahira. Kuna pia «mtindio wa ubongo», ambao hutumiwa mara kwa maana ya ulemavu wa akili, mara kwa maana ya kupooza kwa asili ya ubongo. Fomu ya hospitali ikitumia neno hilo, hakuna ajuaye ni mtoto yupi aliyeandikwa. Istilahi isiyo wazi ni kasoro ya kipimo, sawa na mizani iliyolegea.

Kongo inahusika na utafiti huu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, Delange na Ermans, wataalamu kutoka Brussels, walionyesha katika taarifa ya mwaka 1971 kwamba ukosefu wa iodini peke yake haukueleza rovu lililoenea kaskazini mwa kisiwa, kwani iodini ilikosekana hata mahali ambapo rovu lilikuwa chache. Muhogo ulitajwa kuwa sababu ya pili, na pale rovu liliposhamiri walionekana pia watu wenye ulemavu mzito wa akili uliotokana na uhaba huo. Upande wa kusini-magharibi mwa nchi, konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na Trolli mwaka 1938, hutokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Mwaka 2013 Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao waliandika kwamba huko Kahemba hata watoto wasiopooza, wa jamii zilizopatwa na konzo, hupata alama ndogo katika vipimo vya akili wakilinganishwa na watoto wa mahali pasipo na ugonjwa huo. Kazi hizo zote zilitegemea vyombo na fedha za nje, na miradi ilipokwisha vyombo viliondoka.

Si vyombo vya chuma tu vinavyokosekana. Kumwita mtoto aliyechelewa kunahitaji kujua wenzake husema nini katika umri gani. Kwa Kiingereza kawaida hizo zimekusanywa kwa miongo mingi. Kwa Kiswahili, Kamil Ud Deen alichapa mwaka 2005 kitabu juu ya watoto wanne wa Nairobi, na huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kinachotumia vitu vinavyopatikana nyumbani. Mjini Lubumbashi kipimo cha pwani hakiwezi kutumiwa jinsi kilivyo. Mtoto wa miaka mitatu akionyeshwa picha akisema «batoto» na «kitabu yangu», mpimaji wa Mombasa atamwandikia makosa mawili ya ngeli. Lakini ndivyo asemavyo mama yake, mwalimu wake akiwa nje ya darasa, na daktari atakayemhudumia. Akisema «katoto», atakuwa ametumia kiambishi kisicho cha Kiswahili sanifu, naye atakuwa amekitumia sawasawa. Orodha ya yale ambayo mtoto wa Lubumbashi huyasema sawasawa akiwa na miaka miwili, mitatu na minne inaweza kukusanywa kwa kinasa sauti, daftari na wanafunzi wachache wa isimu.